Manjano: Kuyalima, Kuyachemsha, Kuyaanika na Kuyatumia

Shambani, manjano ni zao pole. Hayahitaji mti wa kupandia kama pilipili manga, hayamsubirishi mtu miaka kama mkarafuu, na palizi mbili tatu zikifanyika vizuri yanajifunika yenyewe kwa majani mapana. Mkulima aliyewahi kulima tangawizi hatajifunza mengi mapya mpaka siku ya kung'oa. Hapo ndipo zao hili linapobadilika, kwa sababu mtu anaweza kung'oa gunia ishirini za manjano mazuri kabisa, kisha baada ya wiki tatu akapeleka sokoni vitu vyeusi vyenye ukungu na kulalamika kwamba wanunuzi ni wezi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaegemea kwenye jembe. Yatakayohitajika shambani yatasemwa, lakini mkazo utakuwa kwenye sufuria, turubai na jua. Nimeuandika nikiwaza zaidi vilima vya Amani na tambarare ya Muheza mkoani Tanga, pamoja na mashamba ya viungo ya Unguja. Mtu wa Uluguru, Kigoma au pwani ya Kenya ataufuata bila shida, ila abadilishe miezi.

Kwanza: hesabu miezi kutoka siku ya kuanika

Manjano hukomaa kati ya miezi saba na tisa baada ya kupandwa, na yakiachwa ardhini mwezi mmoja zaidi hayaharibiki ilimradi maji hayatuami. Kukausha kwa jua huchukua siku kumi hadi kumi na tano. Swali la kwanza basi si lini mvua inaanza, bali ni lini utapata wiki mbili za jua la uhakika. Ukishazijua, rudi nyuma miezi tisa au kumi, na hapo ndipo unapopanda.

Vilimani Amani, mwezi wa saba una ukungu na manyunyu, na kitu kilichoanikwa asubuhi utakikuta jioni kikiwa kama kilivyokuwa. Jua la kweli ni la kaskazi, Januari hadi Februari. Panda basi mvua za kwanza za masika zinapolainisha udongo, mwezi Machi, ung'oe Januari majani yakishalala. Kasoro ya kalenda hii ni kwamba mbegu inakutana na masika makubwa ikiwa bado changa, hivyo tuta lisiloinuka vizuri litaiozesha.

Tambarare ya Muheza na Unguja kuna njia mbili. Unaweza kufuata kalenda hiyohiyo ya Machi, au kupanda na vuli, Oktoba mpaka Novemba, na kuvuna Julai na Agosti wakati wa kipupwe, ambapo huku chini hewa ni kavu kuliko vilimani. Anayechagua vuli ajue kwamba mimea yake itapita kwenye ukame wa Januari ikiwa na miezi mitatu tu. Bila matandazo mazito au maji ya kumwagilia itadumaa.

Kwenye mikoa yenye msimu mmoja wa mvua mambo ni mepesi: Novemba au Desemba mbegu ardhini, Julai hadi Septemba mavuno juani.

Pili: mahali na udongo

Zao hili linapenda joto la nyuzi 20 hadi 35 na mvua ya kutosha, milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi, na linakubali kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,500 hivi. Udongo uwe tifutifu na wenye mboji, usiotuamisha maji. Mfinyanzi mzito hutoa vidole vifupi vilivyopinda na kung'ang'aniwa na matope, na kuviosha ni adhabu. Kichanga kitupu nacho hakishiki chakula.

Kivuli chepesi hakiyasumbui. Chini ya minazi, kati ya migomba iliyopandwa kwa nafasi, au katika shamba la michungwa michanga, manjano hustawi na kumpa mkulima pesa wakati miti bado haijaanza kuzaa. Lakini usidanganywe na majani. Chini ya mdalasini uliofunga au mwembe mkubwa utaona kichaka cha kijani kinachopendeza, na ukichimba utakuta vidole vyembamba visivyotosha hata mchuzi wa nyumbani.

Usipande mahali palipotoka tangawizi, nyanya, bilinganya au viazi mviringo. Mimea hiyo huacha udongoni minyoo ya mizizi na vimelea vya mnyauko. Pitisha misimu miwili au mitatu ya mahindi au kunde kwanza.

Tatu: mbegu

Mmanjano hutoa ua zuri, lakini hauzai mbegu inayoota. Kila shina unaloliona duniani limetokana na kipande cha shina jingine. Maana yake kwa mkulima ni kwamba ugonjwa husafiri na mbegu moja kwa moja. Mbegu ya bei rahisi kutoka kwenye lori usilojua limetoka wapi inaweza kukuletea uozo utakaokaa shambani kwako miaka. Afadhali kununua kwa jirani ambaye shamba lake umelitembelea likiwa bado na majani, ukaona halina mashina yaliyolala kabla ya wakati.

Kila shina lina kichwa, yaani lile bonge la katikati lililozaa, na vidole vilivyochipua pembeni. Vyote viwili vinafaa kwa mbegu. Kichwa huota kwa nguvu zaidi, kidole kinahifadhika vizuri zaidi na ni chepesi kubeba. Kata vipande vya gramu 25 hadi 40, kila kimoja kiwe na macho mawili yaliyovimba. Nafasi ya sentimita 60 kati ya matuta na 25 kati ya mashina itakupa mashina kama 27,000 kwa ekari, na kwa vipande vya gramu 30 hiyo ni takriban kilo 800 za mbegu. Ndiyo, ni nyingi. Hii ndiyo gharama kubwa ya kuanza, na ndiyo sababu ninamshauri anayeanza apande robo ekari tu, mwaka unaofuata atumie mbegu yake mwenyewe.

Mbegu iliyokatwa iache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke. Wapo wanaoiloweka dakika 30 kwenye dawa ya ukungu yenye mankozebu, gramu 3 kwa lita ya maji, kisha wakaianika kivulini. Inasaidia, lakini kama umejiunga na kikundi kinachouza viungo vya kilimo hai, dawa hiyo itakutoa kwenye orodha. Katika hali hiyo kazi yote inabaki kwenye kuchagua: kipande chochote kilicho laini, chenye harufu mbaya au chenye magamba meupe kisiende shambani.

Nne: kupanda

Lima kina cha jembe lote, inua matuta ya sentimita 20 hadi 25, na kwenye mteremko yafuate kontua, yaani yaukate mteremko kwa usawa. Weka viganja viwili vya samadi iliyooza sawasawa kwenye kila shimo, changanya na udongo, laza kipande macho yakiangalia juu kwa kina cha sentimita 5 hadi 7, fukia.

Siku hiyohiyo tandaza majani: nyasi, majani ya migomba, makuti yaliyokatwakatwa, chochote kisicho na mbegu za magugu. Unene wa kiganja unatosha. Matandazo haya ndiyo yanayozuia mvua ya masika isifukue mbegu, na ndiyo yanayoshika unyevu kaskazi ikija.

Kisha subiri. Wiki tatu hadi tano hutaona kitu, na kwenye baridi ya vilimani zinaweza kuzidi. Wengi hufukua kuangalia na kuvunja chipukizi. Acha.

Tano: matunzo

Palizi ya kwanza mwezi wa pili, ya pili mwezi wa tatu, na ya mwisho mwezi wa nne kama bado pana uwazi. Kila ukipalilia, pandisha udongo kwenye shina, kwa sababu kidole kinachochungulia juani hugeuka kijani na kuacha kunenepa. Zao hili linakula sana, hasa potasiamu, na majivu ya jikoni yanayotupwa kila siku yangefaa kuishia huku. Anayetumia mbolea ya dukani agawanye mara mbili, mwezi wa pili na mwezi wa tatu au wa nne, na ahakikishe ile ya mara ya pili ina potasiamu ya kutosha. Naitrojeni nyingi hukupa majani.

Ugonjwa wa kuhofia ni kuoza kwa mizizi. Majani huanza kukauka pembeni, shina linalegea chini kabisa, ukilivuta linatoka bila nguvu na ndani ni uji unaonuka. Hakuna dawa ya kuliokoa shina hilo. Ling'oe na udongo wake, lichome, na ufungue mfereji maji yatoke. Madoa ya kahawia kwenye majani ni ya kawaida mvua zikizidi, na mara nyingi hayapunguzi mavuno kiasi cha kustahili gharama ya dawa. Ukiona mizizi midogo ina vifundofundo, hiyo ni minyoo, na msimu ujao hamisha zao.

Sita: kung'oa

Majani yakishakuwa ya njano, yakakauka na kulala, mizizi imekomaa. Kata majani karibu na ardhi, subiri kama wiki moja, kisha fukua kwa uma au jembe ukianzia mbali na shina. Jembe likipasua kichwa, kipande hicho kitumie jikoni, kisiende kwenye gunia la kukausha.

Kabla ya kuosha chochote, toa mbegu ya mwaka ujao. Chagua mashina manono yasiyo na doa, na usiyaoshe. Yaweke kivulini penye hewa, juu ya mchanga mkavu au maranda, uyafunike kwa majani makavu ya manjano yenyewe. Kila baada ya wiki mbili pitia na kutoa yanayooza. Ninalisema hili mapema kwa sababu siku ya kung'oa mnunuzi huwa amesimama pembeni na pesa mkononi, na mbegu ndiyo ya kwanza kuuzwa kwa pupa.

Sasa kata vijizizi, tenga vichwa na vidole, osha kwa maji ya kupita mpaka matope yaishe kwenye makunyanzi. Hesabu utakayoishi nayo ni hii: kilo 100 za mabichi hutoa kilo 20 hadi 25 za makavu. Mnunuzi akikutajia bei ya mabichi, zidisha kwa tano ndipo uilinganishe na bei ya makavu, na usisahau kuni na siku zako.

Saba: kuchemsha

Kwa nini kuchemsha? Kidole kibichi kikianikwa kizima kinaweza kuchukua zaidi ya mwezi kukauka, na ndani yake uhai unaendelea. Kinachipua au kinaoza. Maji ya moto huua uhai huo, hulainisha wanga, huondoa ile harufu ya udongo, na husambaza rangi ili ndani na nje vifanane. Kilichochemshwa hukauka kwa wiki mbili.

Usikae na mzigo. Uchemshwe ndani ya siku mbili au tatu tangu kung'olewa.

Chombo kiwe sufuria kubwa au pipa la chuma ambalo unajua lilibeba nini. Pipa lililokuwa na rangi, kemikali au dawa ya shamba halifai hata likioshwa mara mia. Weka vidole kwenye tenga au gunia la katani lenye matundu ili uweze kuvitoa kwa pamoja, vichwa vichemshwe peke yake kwa sababu vinachelewa kuiva. Maji yavizidi kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Funika kwa majani au gunia, washa moto wa wastani.

Dakika 45 hadi 60 zitapita. Dalili ya kwanza ni povu juu ya maji na mvuke mweupe wenye harufu ya manjano yenyewe, harufu inayokufikia ukiwa mbali na jiko. Hapo toa kidole kimoja na ukichome kwa kijiti butu. Kikiingia bila kulazimishwa, kimeiva. Kivunje: ndani pawe na rangi moja ya chungwa iliyokolea, bila kiini cheupe. Kiini cheupe maana yake ni dakika kumi zaidi. Kinachopondeka mkononi kimepitiliza, na hicho rangi yake haitarudi.

Usiongeze magadi wala soda. Ni kweli alkali hugeuza rangi iwe nyekundunyekundu na mzigo uonekane umekolea, lakini wanunuzi wazoefu wanaijua hila hiyo. Maji yaleyale yanaweza kutumika mara tatu au nne ukiyaongeza, yakishakuwa mazito kama uji yabadilishe.

Kuni ndizo tatizo. Anayeishi kando ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hawezi kuingia msituni na panga. Matawi yaliyopogolewa kwenye mikarafuu na midalasini, vifuu na makumbi ya nazi kwa walio tambarare, na jiko lililozungushiwa udongo badala ya mafiga matatu, vitapunguza mzigo huo sana.

Ipo njia isiyotaka moto kabisa: kukata. Menya au kwangua, kata vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5 kwa kisu kikali, anika mara moja. Siku nne tano za jua kali hukauka. Kwa anayesaga unga wa kuuza mwenyewe mtaani, mimi ningemwambia akate na aachane na kuni. Lakini mfanyabiashara anayenunua vidole vizima kwa ajili ya kusafirisha hatavitaka vipande, kwa hiyo mjue mteja wako kabla hujashika kisu.

Nane: kuanika

Usianike chini. Si kando ya barabara ya lami, si kwenye ua walipo kuku, hata kama bibi yako alifanya hivyo. Unyevu wa ardhi hupanda usiku, na ukungu unaoota kwenye viungo vilivyokauka vibaya ndio unaoleta sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho na isiyokufa kwa kupikwa. Tengeneza kichanja cha mianzi au fito, kimo cha kiuno, tandika mkeka au wavu. Turubai safi juu ya sakafu ya saruji linakubalika kama kuna mtu wa kulikunja mvua ikitishia.

Vidole vilivyochemshwa vitandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 7. Wengi hutandaza safu moja nyembamba wakidhani vitakauka haraka, na kweli vinakauka, ila jua linafifisha rangi. Rangi ya manjano inapigwa na mwanga. Vipinduliwe mara mbili au tatu kwa siku. Jioni vikusanye na kuvifunika kwa kitu kinachopitisha hewa. Ukivifunika kwa nailoni usiku, vitatoa jasho na asubuhi utavikuta vina utelezi.

Mahali penye mawingu mengi, kikaushio cha jua cha fremu ya mbao na nailoni ngumu, chenye tundu la hewa chini na juu, hulipa gharama yake. Bila matundu hayo umejenga oveni ya mvuke.

Baada ya siku kumi jaribu. Shika kidole kirefu, kivunje. Kikikatika kwa mlio mkali, tayari. Kikipinda kwanza, bado. Unyevu unaotakiwa ni chini ya asilimia 10, na kwa asiye na kipimo mlio huo ndio kipimo. Jaribu vidole vingi kutoka pembe tofauti, tena uchague vile vinene. Kidole kimoja kibichi katikati ya gunia kinatosha kuambukiza ukungu.

Tisa: kusugua, kusaga, kufunga

Vidole vikavu vina ganda lenye magamba. Kwa mzigo mdogo, viweke kwenye gunia gumu, watu wawili walishike huku na huku na kuvisugua. Kwa mzigo mkubwa kuna pipa lenye matundu linalozungushwa kwa mkono. Acha hapo. Usipake kitu.

Hili la kupaka linahitaji maneno. Nchini Bangladesh, mafuriko ya miaka ya 1980 yaliwaacha wakulima na manjano yaliyokauka vibaya na kufifia, na wasuguaji wakaanza kuongeza unga wa njano unaong'aa ili mzigo uuzike. Unga huo ni kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye madini ya risasi. Desturi ikabaki hata mafuriko yalipoisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Bangladesh walitoa matokeo mwaka 2019 yakionyesha kwamba manjano hayo yalikuwa chanzo kikubwa cha risasi katika damu za watu, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kurudi nyuma. Serikali ikaingilia, wauzaji wakatozwa faini hadharani. Sampuli za sokoni zilizokuwa na risasi zilikuwa asilimia 47 mwaka 2019, zikafika sifuri mwaka 2021. Ukifuatilia mkasa wote unafika pale pale: manjano ambayo hayakukaushwa vizuri, na mtu aliyetaka kuficha.

Kwa mnunuzi wa kawaida, jaribio la kumwaga unga kwenye glasi ya maji halioni risasi. Kinga ya karibu ni kununua vidole ambavyo rangi yake ya nje imefifia kidogo, vya vumbivumbi, uvivunje uone ndani, usage mwenyewe. Kidole kinachong'aa njano kwa nje na kukuachia rangi mkononi hata kikiwa kikavu kiache sokoni.

Kusaga: kwanza vunja vidole vipande vidogo kwenye kinu, mashine ya mahindi isikwame. Na mashine iwe imesafishwa, maana unga wa manjano wenye chembe za mahindi ni malalamiko ya uhakika. Saga kidogokidogo usichemke, chekecha, acha upoe kabisa ndipo ufunge. Vifungashio visipitishe mwanga. Mifuko ile myeupe inayoonyesha kila kitu hupendeza wiki ya kwanza, kisha unga unapauka dukani. Vidole vizima vikitunzwa pakavu hukaa mwaka na zaidi. Unga ningependa uishe ndani ya miezi sita.

Anayeuza unga wenye jina lake dukani Tanzania atahitaji alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kuifikia. Kenya shirika la viwango ni KEBS. Kupeleka nje kunahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa mkulima mmoja mmoja hilo ni mzigo. Kikundi au ushirika ndio njia.

Matumizi jikoni

Manjano yana mambo mawili yanayotaka mafuta: rangi na sehemu kubwa ya ladha. Ndiyo maana kuyanyunyiza kwenye mchuzi uliokwisha chemka huacha ladha ya vumbi. Yatie kwenye mafuta baada ya kitunguu kulainika, yakaangike nusu dakika, kisha nyanya au tui lifuate kabla hayajaungua, kwani yakiungua ni machungu. Kijiko cha chai kimoja kinatosha sufuria ya watu sita. Kinachozidi hapo ni rangi tu.

Urojo wa Unguja bila manjano si urojo. Ganda la viazi karai, mchuzi wa samaki wa nazi, kachori, achari ya ndimu, wali wa njano: kote humo yamo. Kwenye pilau ya pwani sitayatia na ninaomba usiyatie. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, na bizari nyembamba.

Mabichi yana ladha laini kuliko unga. Kipande cha kidole gumba, kikunwe na tangawizi, kichemshwe dakika kumi na mchaichai, ongeza chembe ya pilipili manga na asali. Hata majani yana kazi: Sumatra, kisiwa cha Indonesia, huwekwa kwenye rendang, nyama inayopikwa kwa tui, na samaki aliyefungwa kwenye jani la manjano kabla ya kuwekwa kwenye makaa hutoka na harufu ambayo jani la mgomba haliwezi kutoa.

Mwilini na kwenye ngozi

Singo ya bibi harusi wa pwani huchanganya manjano na liwa na vitu vingine vya harufu, husuguliwa siku kadhaa kabla ya harusi. Kwa nyumbani, kijiko cha unga wa manjano, vijiko viwili vya unga wa mchele na maziwa au maji ya waridi vinatosha. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku moja, kwa kuwa wapo wanaowashwa. Usichanganye na ndimu ukatoka juani.

Kuhusu dawa, tuwe na kiasi. Kinachotajwa sana ni kukyumini, kiambato kinachoyapa manjano rangi yake, ambayo ni asilimia 2 hadi 5 hivi ya unga wa kawaida, na mwili huifyonza kidogo mno. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kwamba piperini ya pilipili manga iliongeza ufyonzaji huo kwa kiasi kikubwa, ndiyo sababu vidonge vingi sasa huchanganya viwili hivyo. Wahindi wametumia manjano kwenye vidonda karne nyingi, na Marekani ilipotoa hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, juu ya matumizi hayo mwaka 1995, baraza la utafiti la India lilipinga na hataza ikafutwa mwaka 1997, kwa kuwa hapakuwa na ugunduzi wowote mpya. Lakini matumizi ya zamani si sawa na tiba iliyothibitishwa. Maumivu ya viungo vya mwili yanaweza kupata nafuu kidogo. Kisukari, saratani na malaria haviachiwi kikombe cha manjano.

Kiasi cha chakulani ni salama kwa karibu kila mtu, wajawazito wakiwemo. Vidonge na unga wa vijiko vingi kwa siku ni jambo jingine. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye nyongo au figo, mjamzito, na mwenye upungufu wa damu anayemeza vidonge vya madini ya chuma wazungumze na daktari kwanza. Imeshatokea watu kuumwa ini kwa vidonge vya kukyumini vyenye nguvu, na macho ya njano au mkojo mweusi ni sababu ya kuviacha siku hiyohiyo na kwenda hospitali.

Doa kwenye kanga

Litakutokea. Ukipaka sabuni ya mche doa linageuka jekundu ghafla na watu hushtuka wakidhani kanga imeharibika. Ni alkali ya sabuni tu. Suuza mpaka wekundu upungue, kamua ndimu juu ya doa ili njano irudi, fua tena, kisha anika juani ukiielekeza sehemu yenye doa. Mwanga uleule unaopausha unga dukani utalifuta, pengine kwa siku mbili tatu za jua la mchana. Ikiwa ni kanga ya rangi kali, anika upande wa ndani usiipaushe yote.